Safu Iliyochelewa Kutoka

Gari la Bwana Gia lilizimika katikati ya mzunguko wa barabara, honi zikapigwa mpaka masikio yakaziba. Nani asiyemjua? Alhamisi yumo kwenye televisheni akijaribu magari, Jumapili yumo gazetini akiyapa alama, kumi zikiwa za juu. Leo amesimama na shati jeupe la studio, mikono kiunoni, hajui aanzie wapi.

Fundi akavuka kutoka gereji ya ng'ambo, ovaroli ya buluu, kitambaa chekundu kichwani. Akafungua boneti, akakaza waya wa betri. Gari likawaka.

"Kumbe utaalamu wenyewe wa mdomoni!"

"Mdomo nao kazi, mrembo. Nipe namba yako."

Akampa, na hakujua kwa nini. Wiki tatu zikapita kama usingizi mtamu wa mchana. Alilala chini ya magari, simu sikioni, akicheka peke yake.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Mwongo we!"

Mama yake akamtazama. "Mwanangu, siku hizi hata grisi yako inanukia."

Jumapili ya nne gazeti likafika gerejini. Akasoma amesimama: "Nikaokolewa na fundi anayeshika spana kama mwiko. Gereji yake ya pale mzunguko naipa mbili." Gereji aliyoachiwa na marehemu baba yake! Kabla ya jioni wateja wawili walikuwa wameondoa magari yao. Alilia, tena sana.

Simu ikaita. "Mpenzi, ile safu niliituma siku ileile tulipokutana. Gazeti hutaka makala wiki tatu kabla. Nilikuwa na aibu, nikajitetea kwa utani. Halafu nikapenda, nikasahau."

"Kuniuliza nimekula hukusahau." Akakata.

Alhamisi mama akamwita sebuleni mbio. Kwenye televisheni, Bwana Gia alikuwa palepale kwenye mzunguko. "Fundi aliona kwa nusu dakika nilichoshindwa kuona mimi," alisema. "Alama mbili zile zilikuwa za uongo. Mwongo ni mimi."

Asubuhi yake akaja gerejini na karatasi, macho mekundu.

"Safu ya kesho kutwa. Nimemsihi mhariri aiweke badala ya ile niliyotuma zamani. Haitoki hujaisoma. Na zote zijazo, ukikubali kuwa mke wangu."

Safari hii aliyepimwa ni Bwana Gia mwenyewe, na nafasi ya alama ilikuwa wazi. Fundi akafuta mikono kwa tambara, taratibu, akachukua kalamu, akaandika.

"Sita?" Bwana Gia akanywea.

"Sita zinatosha kuoa. Nne zilizobaki nitazitengeneza mwenyewe."