Harithi Aacha Sigara, Kikohozi Chazidi

Harithi wa Ruponda hakuwa mtu wa kuamini mambo upesi. Akiuziwa chumvi, alionja kwanza. Akiambiwa mvua imenyesha Nambambo, aliuliza ni nani aliyeiona. Mkewe, Zaina, alikwisha kumzoea. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa. Walilima ufuta, mihogo na mikorosho. Binti yao, Amna, alikuwa darasa la sita.

Kitu kimoja tu Harithi hakukitilia shaka: sigara. Alianza kuvuta akiwa na miaka kumi na saba. Alivuta akiamka. Alivuta shambani. Mvua ikinyesha, alivuta ndani, huku Zaina ameketi karibu naye akichambua mboga. Kila asubuhi alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Hiki ni kikohozi cha kuamkia tu," alisema, kisha akawasha nyingine.

Mwaka 1999, mwezi wa Juni, ulifika wakati wa kupuliza salfa, unga wa njano wa kuzuia ukungu, kwenye mikorosho. Mwaka huo mashine ya kupulizia ilimshinda Harithi. Kila baada ya miti mitatu aliitua chini na kuhema. Mwishowe akaenda zahanati. Nesi Domitila alimpima kifua, akamwambia, "Kaka Harithi, acha sigara. Usiseme utapunguza. Acha kabisa."

Pumzi zilikuwa zimemtisha. Akaacha siku ya Ijumaa.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mikono yake haikujua ikae wapi. Alimkaripia kila mtu, hata kuku. Lakini wiki ya pili lilitokea jambo ambalo hakulitegemea. Kikohozi kilizidi. Alikohoa asubuhi, akakohoa mchana, akakohoa tonge likiwa mdomoni. Makohozi yalitoka mazito, ya rangi ya kahawia, na ndani yake mna weusi.

"Nilipokuwa navuta sikuwa hivi," alijiambia. "Kuna mtu ananifanyia kitu."

Ni nani? Hakutafuta mbali. Zaina ndiye aliyempikia. Zaina ndiye aliyemwomba aache sigara tangu Amna hajazaliwa. Na juzi tu Zaina alikuwa amepanda lori asubuhi kwenda Ruangwa, akarudi jioni. Alisema amekwenda kumsalimia kaka yake, Amiri.

Siku ya mnada, Harithi alikutana na Amiri mwenyewe, amekuja Ruponda kuuza mikeka.

"Shemeji, dada yangu hajambo?" Amiri aliuliza. "Nimemkumbuka. Ni miezi mingi hatujaonana."

 "Hajambo," Harithi alijibu, akaondoka bila kununua kitu.

Tangu siku hiyo alimchunga mkewe kwa jicho la pembeni. Siku moja alichungulia jikoni. Zaina alikuwa amefungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe. Alipomwona mumewe, alilifunga haraka.

"Nini hicho?" Harithi aliuliza.

"Chumvi."

"Chumvi yetu inakaa kwenye kopo."

Zaina aligeukia jiko. Aliinama akachochea moto.

Asubuhi iliyofuata aliletewa uji. Harithi alisubiri mkewe atoke, akammiminia kuku kwenye kigae. Kuku alikunywa, akajikung'uta, akaenda zake. Harithi alimfuata nyuma nyumba nzima, akingoja aanguke. Hakuanguka. Siku ya pili alikuwa anataga.

"Labda dawa ya mtu haimdhuru kuku," Harithi alijiambia. Akaacha kula nyumbani. Alikula mihogo mibichi shambani na kunywa maji ya kisimani. Kikohozi kikabaki vilevile.

Siku ya tatu Zaina alimwekea bakuli la uji mbele yake. "Baba Amna, unakonda. Kula."

"Kunywa wewe kwanza."

Zaina alimtazama. Aliinua bakuli, akanywa lote, machozi yakimtiririka mashavuni. Kisha akatoka nje. Harithi alimsikia akikohoa nyuma ya nyumba. Akadhani anamwigiza. Hasira zikampanda.

"Kesho urudi kwa kaka yako!" alipiga kelele. "Na kama ni talaka, nitaiandika!"

Zaina aliingia chumbani kukusanya nguo. Kanga aliiacha kwenye kamba. Harithi alifungua lile fundo, akachota unga kidogo kwenye kipande cha karatasi, akaenda nao zahanati.

Domitila alikuwa anafunga dirisha. Harithi aliiweka karatasi mezani.

"Hii ni sumu gani?"

"Siwezi kuujua unga kwa kuutazama," alisema Domitila. "Wala wewe huwezi. Muulize mwenye nao. Una shida gani?"

"Usijifanye hujui. Wewe uliniambia niache sigara. Nimeacha, sasa nakohoa kuliko mwanzo. Wewe na mke wangu mmekula njama."

Domitila hakukasirika. Alivuta kiti. "Keti, kaka. Ukitoka kupuliza salfa, ukipenga kamasi, linatoka na rangi gani?"

"Njano."

"Kwa nini njano?"

"Salfa imenasa humo."

"Nani alikupa dawa ya kuinasa?"

Harithi alifikiri. "Hakuna. Pua yenyewe."

"Basi kifuani nako ni hivyo. Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno. Wataalamu wanaziita seli. Kwenye njia za hewa, baadhi ya seli zinatengeneza ute. Ute unanasa vumbi na masizi. Seli nyingine zina vijinywele juu yake. Vijinywele hivyo vinapiga kwa pamoja, vinausukuma ute kutoka chini mpaka kooni. Hapo unautema au unaumeza. Kazi hiyo haisimami, hata ukilala."

"Umeviona wewe hivyo vijinywele?"

"Nimeviona chuoni, kwa hadubini. Kwa macho matupu huvioni."

Harithi alikunja uso. "Haya. Na moshi?"

"Moshi wa sigara unavilegeza. Vingine vinakatika. Seli hazikai tu, zinajitetea. Zinaongeza ute ili sumu isizifikie. Ndani yake zina vitu vya kuizima sumu. Kuna seli za ulinzi zinazomeza masizi. Na seli zikifa, zilizo chini yake zinazaliana ili kuziba pengo. Lakini wewe kila saa uliwasha sigara nyingine. Ute ulijaa, na vya kuusukuma vimechoka. Ndiyo maana ulikohoa kila asubuhi."

"Hujanijibu. Mbona nimeacha ndipo kimezidi?"

"Hiyo huwapata baadhi ya watu wakiacha. Vijinywele vinaanza kupata nguvu tena. Vinasukuma nje uchafu uliolala humo. Huchukua wiki kadhaa, kisha hupungua."

Maneno yalikaa vizuri masikioni, na kwa hiyo Harithi akazidi kuyatilia shaka. "Na kama unanidanganya?"

"Usiniamini mimi," alisema Domitila. "Nenda hospitali, Nachingwea, wakakupime makohozi. Kikohozi kikipita wiki mbili lazima kipimwe, uwe umeacha sigara au hujaacha. Kinaweza kuwa kifua kikuu. Na siku yoyote ukiona damu, usingoje hata kesho."

Harithi aliikunja ile karatasi yenye unga. Maisha yake yote watu walimwambia, niamini. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia asimwamini.

"Hizo seli zitapona zote?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Si zote. Zina kikomo. Palipoharibika sana hapatarudi. Lakini ukiacha leo, unaokoa kilichobaki. Ukirudia, unazinyima nafasi ya kujitengeneza."

Harithi alirudi nyumbani taratibu. Zaina alikuwa amekaa kitandani, furushi miguuni. Harithi aliketi mlangoni.

"Mama Amna, unga huu ni wa nini? Nakuuliza tu. Sigombi."

Zaina aliinua godoro. Alitoa karatasi ya hospitali ya Ruangwa na bahasha ndogo ya vidonge. "Ni vidonge vyangu. Vikiwa vizima vinanikwama kooni. Kwa hiyo navisaga."

"Unaumwa nini?"

"Kifua. Huu ni mwaka wa tatu."

"Lakini wewe huvuti!"

"Sivuti. Daktari aliniuliza kama kuna mtu anavuta nyumbani. Nikamwambia yupo, na huvutia ndani. Akasema moshi huo nimeuvuta miaka yote pamoja nawe."

Harithi alishika kichwa. Kile kikohozi cha nyuma ya nyumba kumbe hakikuwa cha kumwigiza. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?" Zaina alisema. "Ningesema nakwenda hospitali, ungeuliza nakwenda na nani. Ningesema moshi wako unaniumiza, ungesema nakusingizia. Nikaona heri nidanganye nakwenda kwa kaka."

Harithi alijua yote yalikuwa kweli. Alilichukua furushi, akalifungua, akaanza kuzirudisha nguo kwenye kamba moja moja.

"Nimekukosea, mke wangu," alisema.

 Jioni Zaina alipakua ugali, na Harithi aliula bila kuuliza kitu.

Harithi alikwenda Nachingwea, akatoa makohozi kama alivyoagizwa. Hakukutwa na kifua kikuu. Hata hivyo hakuridhika mpaka mpimaji alipomsomea majibu mara mbili. Mwezi wa Agosti makohozi yalipungua na rangi yake ikafifia. Mwezi wa Septemba alilala usiku kucha bila kukohoa. Msimu wa korosho ulipoanza, alibeba gunia toka shambani hadi nyumbani, akapumzika mara moja tu. Wageni wenye sigara aliwaomba wavutie mbali na nyumba, na waliokasirika aliwaacha wakasirike.

Mwezi wa Novemba, Zaina alitakiwa kurudi hospitali ya Ruangwa. Safari hii walipanda lori wote wawili. Daktari aliweka chombo mgongoni mwa Zaina, akasikiliza muda mrefu.

"Kuna nafuu," alisema. "Mlio wa kifua bado upo kidogo. Huenda usiishe wote. Utaendelea na dawa." Kisha akafungua daftari lake. "Nyumbani kuna anayevuta sigara?"

Zaina alitazama chini. Harithi alisimama kutoka kwenye benchi.

"Alikuwepo, daktari," alisema. "Ni mimi."

Akaketi tena, akaichukua mikononi mwake karatasi ya dawa za mkewe.