Muhuri wa Kandambili

Kila jioni nikitoka kuchuma majani chai, nilimkuta binti yangu Gesare ameketi karibu na dirisha, meza imejaa karatasi, vidole vyake vya buluu mpaka kwenye kucha. Nilimgombeza kwa sababu ya wino alioacha kwenye vikombe, lakini moyoni nilifurahi. Alikuwa darasa la sita. Akirudi shuleni aliteka maji kwanza, akamkatia ng'ombe majani, kisha ndipo akakaa kutengeneza kadi zake za salamu. Sikuwa na la kulalamika.

Kazi hiyo alifundishwa na Mwalimu Drusilla, mwalimu wao wa kazi za mikono. Mwalimu aliwaambia watafute kandambili iliyokatika mkanda, wakate kipande kwenye kisigino ambako mpira ni mnene, wachore ua au ndege kwa penseli, kisha wachonge kwa wembe taratibu, wakiondoa mpira usiotakiwa na kuliacha ua limeinuka. Kipande hicho hubandikwa kwenye kibao kidogo ili mkono upate pa kushika. Kama ni maandishi, herufi huchongwa kinyume, na kabla ya kutiwa wino hutazamwa kwenye kioo kuona kama zinasomeka.

Wino nao una adabu yake. Gesare aliumimina kidogo tu juu ya kitambaa kilichokunjwa ndani ya kopo la rangi ya viatu, akagusisha muhuri kwa wepesi, akajaribu kwanza kwenye gazeti kuukuu. Alipoona alama imetoka safi, ndipo alipoubonyeza muhuri kwenye kadi, mkono wima, bila kuuyumbisha. Karatasi ya manila aliikunja kwa kufuata rula na kuusugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko, ukakaa kama umepigwa pasi. Mwisho alibandika vipande vya magome makavu ya mgomba, vikawa paa la nyumba au shina la mti.

Rafiki yake Bochaberi, mtoto wa jirani, ndiye aliyekata magome hayo. Alikuwa mcheshi, mdomo wake haulali. Siku moja muhuri ulimteleza Gesare, ndege akatoka na vichwa viwili.

"Huyu ndege wako amekunywa nini?" Bochaberi aliuliza.

"Amekula gundi yako," Gesare alijibu, na wakacheka hata wakamwaga wino.

Mwaka huo wa 1972, Mwalimu Drusilla alichagua kadi kumi za Gesare ziende kwenye maonyesho ya shule mjini Kisii. Gesare na Bochaberi wangeenda nazo na kulala huko siku mbili. Jamani, nilijisifu. Nilisema kanisani baada ya misa, nikasema sokoni Nyakoe, nikasema kwenye foleni ya kupima majani chai, hata kwa watu ambao hawakuniuliza. Mimi niliishia darasa la nne. Kusikia jina la mtoto wangu likisomwa mbele ya shule nzima kulinilevya.

Kisha mwalimu mkuu akatangaza jambo. Watoto wawili wa shule jirani walikuwa wamepatwa na pepopunda, ule ugonjwa unaokaza taya na mgongo baada ya kidonda kuingia uchafu, na mmoja alikuwa amezikwa. Basi kila mwanafunzi wa darasa la sita na la saba achomwe sindano ya kujikinga kwenye zahanati ya Wasabato, ng'ambo ya mto. Asiyekuwa na muhuri wa zahanati kwenye kadi yake ya chanjo hatakwenda Kisii.

Siku ya chanjo ilikuwa Jumatano. Na Jumatano ndiyo siku gari lilipokuwa likija kuchukua majani yetu ya chai. Jumatano ya kwanza nilimwambia Gesare tuchume kwanza, ataenda wiki ijayo. Jumatano ya pili nilisema vivyo hivyo. Hakuteta. Tangu akiwa mdogo sana aliogopa sindano kuliko nyoka, kwa hiyo kila nilipomzuia, nilimwona akishusha pumzi.

Jumapili iliyofuata nilikuta kadi yake ya chanjo mezani. Ilikuwa na duara la buluu, jina la zahanati likizunguka ukingoni, na katikati tarehe imeandikwa kwa kalamu, 14 Oktoba. Nilimwuliza alichomwa lini. Akasema alipitia zahanati alipotumwa dukani, na nesi akamhurumia. Alisema hayo akiitazama meza.

Asubuhi ya Jumatatu nilitafuta kandambili zangu za nyumbani. Kwenye kisigino cha ile ya kulia palikuwa na shimo la pembe nne, limekatwa kwa wembe, ukingo wake umenyooka. Nilijua papo hapo. Hakuna nesi aliyemhurumia mtu.

Hapa ndipo ninapoona haya kuendelea, lakini nitaendelea. Sikumwita. Nilijiambia kwamba maonyesho ni siku mbili tu, akirudi nitampeleka achomwe, na nani atajua. Niliwaza watu niliojisifu kwao. Nikaisukuma ile kandambili chini ya kitanda, nikaenda shambani.

Nisilolijua wakati huo ni kwamba alikuwa ameigonga kadi ya Bochaberi pia, kwani naye aliikwepa sindano.

Zikabaki siku tatu watoto waende Kisii. Bochaberi alikuwa akichota samadi ya ng'ombe kupeleka migombani, jembe likateleza likampasua mguu juu ya vidole. Mama yake alikuwa kwenye matanga upande wa Nyamira, kwa hiyo walinikimbilia mimi. Nilivaa nilichokigusa kwanza chini ya kitanda, nikambeba mtoto mgongoni mkubwa vile alivyo, Gesare nyuma yangu na kadi ya mwenzake mkononi, tukavuka mto mpaka zahanati.

Nesi Nyanchera ni mwanamke wa maneno machache. Aliosha kidonda mpaka samadi yote ikatoka, na Bochaberi, ambaye mdomo wake haulali, aliung'ata mkono wa gauni lake. Kisha nesi akaomba kadi ya chanjo. Akasema kwamba kidonda kama hiki chenye samadi ndicho kinacholeta pepopunda, lakini kama mtoto alichanjwa juzi juzi, hatamchoma tena, atamfunga tu kitambaa aende nyumbani.

Bochaberi aliitazama sakafu. Mimi niliutazama ule muhuri mikononi mwa nesi, nikaona mstari mdogo uliopinda ukingoni, mahali ambapo wembe wa mwanangu uliteleza. Nikisema, Gesare haendi Kisii, na kila aliyenisikia nikijisifu atajua sababu. Nisiposema, mtoto wa jirani yangu anarudi nyumbani na samadi kwenye damu yake.

Nesi alikuwa ameanza kukata bandeji. Akasimama, akaisogeza kadi dirishani.

"Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumamosi," alisema. "Jumamosi mlango huu haufunguliwi. Sisi sote tuko kanisani."

Sisi ni Wakatoliki. Kwetu Jumamosi ni siku ya kufua na kupalilia. Gesare aligonga mihuri yake siku hiyo akaandika tarehe ya siku hiyohiyo, wala haikumpitia akilini kwamba wenye zahanati wanaitunza Sabato.

Nilidhani imekwisha, kwamba nesi amejua na mimi sitalazimika kufungua mdomo. Lakini alitikisa kichwa. Akasema labda yeye mwenyewe alikosea kuandika, kwani wiki ile alichanja watoto karibu mia, na macho yake si ya jana. Akaiweka kadi chini, akachukua tena bandeji.

Hata hapo nilinyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza.

"Nesi, usimfunge," Gesare alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Muhuri huo niliuchonga mimi. Bochaberi hajachomwa. Hata mimi sijachomwa."

Nesi Nyanchera hakumpigia kelele. Alikwenda kabatini, akatayarisha sindano, akamchoma Bochaberi, akarudi akamchoma Gesare, ambaye alilia bila sauti. Kisha akavuta kiti akaketi mbele yao.

"Umechonga vizuri," alimwambia. "Mimi mwenyewe nimeamini. Hilo ndilo baya lake. Nikiona muhuri wetu, naamini kwamba mwenzangu alikuwa hapa na sindano mkononi, na kwa imani hiyo naamua nani atibiwe na nani aende nyumbani. Leo nilikuwa naamua maisha ya huyu rafiki yako kwa mpira wa kiatu."

Gesare alifunika uso. Nesi akageukia kwangu, akaniuliza taratibu kama nilikuwa najua.

Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini niliona macho yake yakishuka miguuni mwangu, nami nikashuka nayo. Katika haraka ile nilikuwa nimevaa zile kandambili. Kisigino changu kilikuwa kinagusa saruji baridi kupitia shimo la pembe nne, sawasawa na ukubwa wa duara lile kwenye kadi.

"Nilijua tangu wiki iliyopita," nilisema.

Bochaberi aliinua kichwa akanitazama. Mpaka leo sijasahau alivyonitazama, mtoto niliyekuwa nimembeba mgongoni.

Nesi akaniambia, "Mama Gesare, mtoto alifanya hivi kwa kuogopa sindano. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Kesho yake niliwaacha wengine wachume chai, nikaenda shuleni na Gesare. Alimpa Mwalimu Drusilla ule muhuri, akaeleza mwenyewe. Mwalimu aliushika muda mrefu, akauliza kama kuna mtoto mwingine aliyegongewa. Hakukuwa na mwingine. Gesare na Bochaberi hawakwenda Kisii, na zile kadi kumi zilibaki kwenye boksi ofisini. Mama yake Bochaberi aliporudi kutoka matangani, nilimfuata kwake nikamwambia yote kabla hajayasikia kisimani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akafunga mlango. Zilipita wiki nyingi kabla hatujachuma chai tukizungumza tena.

Mguu wa Bochaberi ulipona. Siku alipokwenda kufunguliwa bandeji, nilikwenda naye pamoja na Gesare, na Nesi Nyanchera akamwambia Gesare kuna kazi anayotaka amfanyie. Sindano ile ya kwanza haitoshi, lazima irudiwe, na akina mama wengi husahau. Alitaka kadi za kuwakumbusha, zenye picha, kwa sababu wengine hawasomi. Aliuliza kama Gesare anaweza kuchonga mama na mtoto.

Gesare aliniangalia mimi kwanza. Kisha akasema anaweza, akauliza kama atachonga pia jina la zahanati.

"Hapana," nesi alisema. "Wewe chonga mama na mtoto. Muhuri wa zahanati nitagonga mimi, baada ya kuuona mkono wa mtu umechomwa. Mikono yako ina kipaji, binti yangu, lakini ukweli wa mtu mwingine usiuandike wewe. Na mama wa mtoto akiona uongo nyumbani kwake, auseme pale pale ungali mdogo, maana ukitoka nje ya mlango hajui utamwangukia mtoto wa nani."

Tulirudi nyumbani, nikavua kandambili ya kulia, nikampa Gesare na wembe. Mpira wa kisigino uliobaki ulitosha kuchonga mama mmoja na mtoto wake. Jumatano iliyofuata gari la majani lilipita likatuacha, kwa maana tulikuwa kwenye foleni ng'ambo ya mto, Gesare na kadi zake kwenye kikapu, mimi na mkono wa nguo yangu umekunjwa, nikingoja sindano yangu ya kujikinga.