Gara na Kichupa cha Plamu

Jumamosi asubuhi katika soko la Kalenić hakuna anayemwangalia mwenzake. Watu wote macho kwenye pilipili. Ilikuwa Septemba, Belgrade nzima inanukia pilipili hoho za kuchoma, na akina mama wanakokota magunia yake utadhani wanahama mji. Katikati ya msongamano huo alipita Senka, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, amevaa koti la kijani la marehemu mama yake lililompwaya mabegani, na kifuani amekumbatia kikapu chenye kifuniko. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa ametoka kwa daktari mmoja wa wanyama aliyemtupia paka wake jicho mara moja tu na kusema, "Ana miaka kumi na tano, bibie. Ulitegemea nini?"

Kifuniko kikafyatuka. Gara, paka mweusi mwenye mvi kidevuni, akaruka, akapita kati ya miguu ya watu na kuibukia kwenye meza ya muuza samaki. Hakugusa samaki hata mmoja. Aliinamia beseni walimoogelea kambare, akaanza kunywa.

"We dada! Paka wako anakunywa maji ya samaki wangu!"

"Nisamehe, nisamehe..." Senka akanyoosha mikono.

"Usimshtue," ilisema sauti nyuma yake. "Mwache anywe kwanza."

Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa sweta la bluu lililojaa nywele za wanyama wa kila rangi. Akaweka chini mfuko wake wa vitunguu, akapiga magoti kwenye sakafu ya maji maji bila kujali suruali.

"Anakunywa hivi kila siku?"

"Kila saa. Anamaliza bakuli, halafu anakuja kulamba sinki."

"Na kula?"

"Anakula kunishinda mimi, na bado anakonda. Mshike uone."

Akamshika. Chini ya manyoya palikuwa na mifupa mitupu.

"Kwani wewe ni nani?" Senka akauliza, akikumbuka kuchelewa kwamba amemkabidhi paka wake mtu asiyemjua.

"Relja. Daktari wa wanyama. Kliniki yangu ipo nyuma ya kituo cha tramu. Na wewe, unalia kila ukija sokoni au leo tu?"

Senka alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka huku machozi yanamtoka, na Relja akasahau vitunguu vyake pale pale.

Gara alikuwa paka wa mama. Mama alipolazwa mwezi wa Machi, neno la mwisho la maana alilomwambia binti yake lilikuwa, "Usimwache Gara peke yake." Senka hakuwa na ndugu wala mume. Usiku paka alipopanda kitandani na kulala pale miguuni, nyumba ilikuwa bado ina watu. Ndiyo maana mwanamke huyu mzima, mwenye akili zake, alizunguka mjini na kikapu akilia kama mtoto, na mimi simcheki.

Siku hiyo kliniki, damu ya Gara ilionyesha sukari iko juu.

"Inaweza kuwa kisukari," Relja alisema. "Inaweza pia kuwa woga. Paka akiogopa, sukari inapanda yenyewe, na huyu leo amefukuzwa soko zima. Niletee mkojo wake wa nyumbani, akiwa ametulia. Mkojo huo ukiwa na sukari, tutajua ni kisukari."

"Mkojo wa paka? Nimpe kopo aende nalo chooni?"

"Chukua upawa."

"Upawa wa supu?"

"Akichuchumaa, unaupitisha nyuma polepole. Halafu nunua upawa mwingine. Nikija kula kwako sitaki kuwa na wasiwasi."

"Nani kasema utakuja kula kwangu?"

"Nimetangulia kuuliza tu."

Simu zikaanza. Asubuhi, "Amekojoa?" Mchana, "Bado, ananiangalia mimi na upawa wangu kama mwizi." Jioni, "Na wewe umekula, roho yangu?" Hiyo roho yangu ilimponyoka Relja siku ya tatu, na hakuna aliyeirudisha. Alhamisi akaja mwenyewe, amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, na maua mkononi.

Senka akamkalisha sebuleni, akaleta sinia kama alivyofundishwa tangu utoto. Juu yake kulikuwa na glasi ya maji, kijiko, na kichupa cha slatko ya plamu, plamu nzima zilizopikwa katika sukari mpaka zikang'aa. Kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajapata kijiko chake. Hata mtoza kodi anapewa.

"Ni ya mama," Senka akasema. "Alibakiza vichupa vitatu. Hiki ndicho kinaisha."

"Basi usinipe, moyo wangu. Kitunze."

"Nimnyime mgeni? Unataka mama afufuke anichape?"

Relja akala plamu ya mwisho, akafumba macho, akatumbukiza kijiko kwenye glasi. Mlangoni wakaagana kwa kubusiana, kwa muda mrefu kuliko wageni wanavyoagana. Hakuwa amefika hata ghorofa ya pili aliposikia juu miguu inakimbia.

"Relja! Nimeupata!"

Gara alikuwa amechuchumaa wakati Senka anarudisha sinia jikoni. Akadaka upawa, akaukinga, kisha akanyakua kichupa kilichokuwa karibu kwenye sinki, akakisuuza chapuchapu kwa maji ya bomba, akamimina na kukimbia ngazi bila viatu. Relja akapokea kichupa bado kina karatasi aliyobandika mama, wakacheka mpaka jirani akafungua mlango.

Kicheko kilikuwa kimekwisha kabla ya jioni kuingia. Simu ikalia.

"Kijiti cha kupimia kimegeuka rangi mpaka mwisho," Relja alisema. "Mkojo una sukari, tena nyingi."

"Kwa hiyo ni kisukari."

"Ndivyo inavyoonekana. Lakini nataka kipimo kimoja zaidi. Damu iende maabara, waangalie sukari ilivyokuwa wiki zilizopita. Majibu yanachukua muda kidogo."

"Muda kidogo?" Sauti ya Senka ikapasuka. "Mama naye alisubiri majibu, Relja. Yalifika tukiwa tumeshamzika. Huyu anakwisha mbele ya macho yangu! Nipe dawa. Nakuomba. Kama unanipenda nipe dawa."

Akili ya udaktari ilimwambia Relja asubiri. Lakini alimpenda, na sauti ile hakuiweza. Kesho yake akapeleka damu maabara, na wakati huo huo akampa Senka insulini na sindano ndogo, akamfundisha kumbana paka ngozi ya shingo na kumchoma.

Siku chache baadaye, mchana, Senka alikuwa anashona shada la lulu kwenye gauni la malkia aliposikia kitu kinaanguka jikoni. Gara alikuwa amelala ubavu, miguu inatetemeka, ulimi nje, macho wazi yasiyomwona mtu.

"Relja! Gara anakufa! Anakufa!" akapiga kelele kwenye simu.

"Amekula asubuhi?"

"Alikula! Anatetemeka! Fanya kitu!"

"Sukari imeshuka. Nisikilize. Mpake sukari kwenye ufizi. Asali, sukari ya maji, chochote. Sasa hivi!"

Makabati hayakuwa na asali, na sukari ilikuwa imekwisha. Senka akadaka kichupa cha pili cha mama, akakifungua kwa meno, akachovya kidole kwenye urojo wa plamu na kumsugua Gara ufizi, tena na tena, akiita, "Gara, mama, usiniache, Gara, mama." Hakujua tena anamwita nani. Ulimi ukasogea. Paka akalamba kidole mara moja, kisha mara ya pili, na macho yakamrudia.

Relja akaingia akihema, koti la kliniki mwilini. Akapiga magoti, akasikiliza moyo, akashusha pumzi. Kisha hofu ikamsemesha neno ambalo angetoa mkono wake kulirudisha.

"Umemchoma mara mbili?"

Senka akainua uso. "Umesema nini?"

"Dozi ile ni ndogo mno, Senka, haiwezi... Nauliza tu."

"Nimepima kama ulivyonifundisha. Unafikiri ningemuua? Mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Toka."

"Senka, roho yangu..."

"Toka nyumbani kwangu!"

Akatoka, na siku hiyo hakupewa kijiko wala maji.

Majibu ya maabara yakaja, na Relja akayatuma kwa ujumbe mfupi: Gara hana kisukari, wala hakuwa nacho. Acha insulini kabisa. Sijui ilikuwaje. Nisamehe. Senka akausoma, akavaa koti la kijani, akaenda moja kwa moja kliniki. Mapokezi yalikuwa yamejaa watu na mbwa wao.

"Hakuwa nacho!" akapiga kelele. "Ulinipa sumu nimpe kwa mkono wangu mwenyewe! Ulitaka kunifurahisha mimi, ukamchezea yeye!"

Relja alisimama na kitambaa mkononi. Angeweza kusema mengi. Alisema, "Ni kweli. Nilipaswa kusubiri." Na mbwa mmoja akaanza kubweka, Senka akageuka akaondoka.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Gara aliendelea kunywa, kula na kukonda. Usiku alizunguka nyumba akilia kwa sauti nene, na Senka akiweka kiganja kifuani pake alisikia moyo unakwenda mbio kama cherehani. Daktari mwingine alisema amlaze usingizi wa mwisho. Senka akarudi nyumbani, akaketi sakafuni na kichupa cha pili cha mama, akala plamu moja moja mpaka kikaisha. Hakuwa na njaa. Alijiona ameua vyote, paka, mapenzi, na ladha ya mkono wa mama.

Akakisuuza kichupa kwa maji ya bomba, akakiweka dirishani kwenye jua kikauke.

Alasiri akasikia mvumo. Nyigu walikuwa wamekijaa, ndani na nje, wanalamba kioo kilichoonekana safi kabisa. Senka akasimama, akiwatazama. Akawatazama nyigu, akatazama sinki, akautazama upawa unaoning'inia ukutani. Akadaka simu.

"Relja, usikate."

"Siwezi kukukatia wewe simu."

"Ule mkojo. Niliutia kwenye kichupa cha slatko. Kile ulichomaliza wewe. Nilikisuuza tu, maji ya baridi, mara moja. Leo nimekisuuza kingine vile vile, nyigu wamekijaa. Sukari haikuwa ya Gara. Ilikuwa ya mama."

Upande wa pili kiti kikaburutwa.

"Relja?"

"Nilikiona," akasema taratibu. "Nilikishika mkononi, nikasoma karatasi yake, plamu. Kwetu chumvi iko kwenye kichupa cha slatko, misumari kwenye kichupa cha slatko, hata meno ya babu yalilala humo. Sikushangaa hata kidogo. Mgeni angeshangaa."

"Nilikutukana mbele za watu."

"Na mimi nilikuuliza swali lile. Silali kwa ajili yake."

"Anakufa, Relja. Sijui anaumwa nini na anakufa. Moyo wake unakimbia, unakimbia tu..."

"Unakimbia? Hata akilala?"

"Hata akilala."

"Usimpe kitu. Nakuja."

Alikuja na sweta lile lile la bluu, hakunyoa. Hakuketi. Alimweka Gara mapajani, akapitisha vidole viwili chini ya kidevu chenye mvi, polepole, kushuka kooni, na hapo vikasimama.

"Weka kidole chako hapa."

Senka akagusa. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kidogo, kigumu kama punje ya haragwe, kilichoteleza.

"Ni tezi ya shingo," Relja akasema. "Imevimba, inauendesha mwili wake mbio mchana na usiku. Ndiyo maana anakula na kukonda. Tutapima damu, na safari hii tutasubiri majibu, hata ukinililia. Siku ile sikugusa hapa kwa sababu nilishaamini ni kisukari."

"Ina dawa?"

"Ina vidonge. Asubuhi na jioni." Kisha akasema yote, kwa kuwa alishaona gharama ya kumfurahisha. "Moyo wake umechoka, Senka. Hatarudi kuwa kijana. Nakupa muda mzuri, sikupi muda mrefu."

Senka akalia, safari hii begani kwa mtu.

Damu ilithibitisha. Vidonge vikaanza, na kufikia baridi ya kwanza bakuli la maji lilikuwa linabaki na maji mpaka jioni. Gara aliacha kulia usiku. Manyoya yalirudi kung'aa kidogo, ingawa ngazi ya kitanda ilibidi atengenezewe kwa mito.

Jumapili moja mchana, theluji nyepesi ikidondoka, Relja alikuja kula. Shati safari hii lilipigwa pasi vizuri. Senka, katika gauni jekundu alilojishonea mwenyewe, akaleta sinia. Palikuwa na glasi ya maji, kijiko, na kichupa cha tatu cha mama, cha mwisho, kimefunguliwa hivi punde.

Relja akakitazama. Hakugusa kijiko.

"Kuna nini?" Senka akauliza. "Unaogopa kichupa? Hiki hakijapita mkojo, naapa."

"Sitaki slatko."

"Hutaki ya mama?"

"Slatko ni ya wageni," Relja akasema. "Mimi sitaki kuwa mgeni hapa tena, Senka. Leo, wala siku nyingine yoyote."

Senka alisimama na sinia mikononi. Chini, Gara alikuwa amelala juu ya kiatu cha Relja, na wote wawili walijua kwamba majira ya kuchipua huenda asiyaone. Mama alisema asiachwe peke yake. Hakusema lolote kuhusu Senka, lakini labda alimmaanisha naye.

Akakirudishia kichupa kifuniko, akakipeleka kabatini. Kisha akarudi na kidonge kiganjani.

"Basi kama si mgeni, usinikalie hapo," akasema, akifuta macho kwa mkono wa gauni. "Inuka umshike Gara. Hajameza dawa."