Wangeci Ataka Chumba cha Chini

Sisi watu wa Dundori tunajua vitu viwili vizuri: viazi na matope. Mvua ikinyesha huku juu, hata ng'ombe hutembea kwa adabu. Sasa fikiria kiti cha magurudumu.

Wangeci, binti wa Mzee Muiruri, hutumia kiti hicho. Miguu yake haijapata nguvu tangu utotoni. Lakini kichwa chake, wacha tu! Alisoma chuo kikuu, akasomea uhusiano wa mataifa. Hufanya mazoezi ya Kifaransa akichagua viazi, hadi kuku wa mama yake wamekizoea. Ndoto yake ni moja: kufanya kazi katika ubalozi wa Kenya.

Matope yakizidi, kaka yake Maina humbeba mgongoni. Kanisani, mgongoni. Barabarani, mgongoni. Maina ni mkulima, ana mabega mapana kama mlango wa zizi. "Dada yangu hawezi kukwama na mimi niko," husema. Sisi majirani tulimsifu sana. Wangeci mwenyewe hatukumuuliza.

Mwaka jana Wangeci aliitwa kwa intavyu katika kampuni moja mjini Nakuru. Ofisi ilikuwa juu, na hakukuwa na lifti. Maina akambeba, akapanda naye, akaingia naye, akamketisha mbele ya mkubwa wa kampuni. Mkubwa akamtazama Maina.

"Huyu dada yako ataweza kazi kweli?"

"Ataweza, boss!" Maina akajibu haraka. "Hata mimi nitakuwa namleta na kumbeba kila asubuhi."

Baada ya hapo Wangeci hakuulizwa mengi. Kazi hakupata. Alilia hadi macho yakavimba, na Maina akabaki kushangaa. Alikuwa amesaidia kwa moyo wake wote, sasa kosa liko wapi?

Basi mwaka huu habari njema zikaja. Serikali ilikuwa inatafuta maofisa wapya wa mambo ya nje. Wangeci aliomba, akaitwa intavyu Nairobi. Mama yake alipiga vigelegele hadi tukasikia ng'ambo ya bonde. Lakini intavyu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani. Wangeci alipopiga simu kuuliza, aliambiwa lifti imeharibika.

"Hiyo si shida," Maina akasema, akipiga kifua. "Mgongo uko."

Wangeci akaendelea kuchagua viazi. Alijua akiipoteza nafasi hii, nyingine kama hiyo huenda isije.

Jumamosi ya wiki hiyo waliteremka hadi mtaa wa Section 58, mjini Nakuru, kwa pikapu kupeleka viazi, na Mzee Muiruri alikuwa nao. Mteja wao mkubwa pale ni Madam Nekoye. Yeye haoni, hutembea kwa fimbo nyeupe. Ni afisa wa serikali, na aliwahi kufanya kazi miaka kadhaa katika ubalozi wetu kule Addis Ababa. Huwezi kumdanganya kwa viazi. Huingiza mkono hadi chini ya gunia.

"Maina, hiki kidogo hapa chini kimeingia kwa bahati mbaya?"

"Aki Madam, hicho kilikuwa kinafuata mama yake!"

Wakacheka. Kisha Wangeci akamweleza habari ya intavyu ya Nairobi, ngazi, mgongo wa Maina, na yaliyompata mwaka jana. Madam Nekoye akaacha kuchagua viazi.

"Mwaka jana mlipoingia kwa ile kampuni, Wangeci, waliona nini kwanza?"

Wangeci akafikiri. "Waliona Maina."

"Na waliongea na nani?"

"Na Maina."

Maina akainamisha kichwa. Mabega yale yote yakashuka.

"Maina, ndugu yangu, wewe ni mtu mzuri," Madam Nekoye akasema. "Lakini umembeba mpaka watu hawamwoni. Sasa sikia, Wangeci. Usibebwe kwenda juu. Waambie intavyu ishuke chini."

"Ai!" Mzee Muiruri akaruka. "Madam, watafuta jina lake! Mtoto hajapata kazi, ameanza kupanga wakubwa? Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Na asiyeweza kuinama, mzee?"

Mzee akamtazama binti yake kwenye kiti.

"Basi kitanda kinasogezwa," Madam Nekoye akasema.

Akawafafanulia mambo polepole. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri arekebishe mahali au njia ya kufanya kazi, kwa kiasi kinachowezekana, ili mtu mwenye ulemavu aifanye kazi hiyo. Na marekebisho hayo huanzia kwenye intavyu yenyewe.

"Mimi nilipoenda yangu, niliomba maswali ya kuandika yawekwe kwa kompyuta inayosoma kwa sauti. Niliomba mapema. Usingoje siku yenyewe. Waambie wazi: natumia kiti cha magurudumu, naomba chumba cha chini. Waandikie kwa barua pepe, kisha piga simu uhakikishe. Na uchukue jina la aliyekujibu."

"Wakikataa?" Wangeci akauliza.

"Watakataa wakitumia sheria gani? Katiba, kifungu cha hamsini na nne, inasema serikali ihakikishe, hatua kwa hatua, kwamba angalau watu watano kwa kila mia kwenye nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu. Wewe huendi kuomba sadaka. Umesoma, umehitimu, umeitwa. Ama kuna mtu alikuita kwa huruma?"

"Hapana."

"Basi enda kama mtu aliyeitwa."

Njia nzima ya kurudi, mzee alinung'unika mambo ya kitanda. Lakini jioni Wangeci aliandika barua pepe yake, na Jumatatu akapiga simu. Afisa mmoja aitwaye Bi Chesang akajibu kwa upole: chumba cha chini kitaandaliwa.

Siku ikafika. Wangeci na Maina walifika mapema. Mlangoni, mlinzi akakitazama kiti, akazitazama ngazi, akakuna kichwa.

"Intavyu ziko juu. Mimi sijaambiwa kitu kingine. Ngoja niite vijana wambebe."

Wengine walioitwa intavyu walikuwa wanapanda mbiombio, viatu vikilia kwenye ngazi. Maina akaanza kutoka jasho. Mwishowe akashindwa, akachuchumaa mbele ya dada yake.

"Panda, Wangeci. Tutachelewa! Mambo ya sheria tutaongea kesho."

Mgongo ulikuwa pale pale. Wangeci angeinua tu mikono. Na wallahi sisi huku nyumbani tungemwambia apande!

"Simama, Maina. Leo hunibebi."

Akatoa simu. "Habari ya asubuhi, Bi Chesang. Ni Wangeci Muiruri. Nimefika. Niko hapa mlangoni, nangojea kile chumba cha chini tulichokubaliana."

Hakupandisha sauti. Hakuomba msamaha pia. Baada ya muda Bi Chesang akashuka mwenyewe, akamwambia mlinzi kwamba yeye ndiye aliyesahau kumjulisha, akafungua mlango wa chumba kando ya mapokezi. Nyuma yake wakashuka wale wakubwa wa intavyu, na mafaili yao, na chupa zao za maji. Mzee mmoja alikuwa ameshika goti.

"Hata afadhali huku," akanong'ona. "Hizo ngazi zinaniua."

Maina alibaki nje. Mlango ukafungwa, na huko ndani kulikuwa na Wangeci peke yake wa kutazamwa.

Wakamuuliza mengi. Mwisho mzee wa goti akauliza, "Tukikutuma nchi ambayo ofisi yetu ina ngazi tupu, utafanyaje?"

"Nitafanya nilivyofanya leo, mheshimiwa," Wangeci akasema. "Nitasema mapema ninachohitaji. Tutakubaliana. Nikifika nikute makubaliano yamesahaulika, nitawakumbusha kwa heshima, na sitasonga mpaka yatimizwe. Nilifikiri hiyo ndiyo kazi mnayotafuta mtu wa kuifanya."

 Kisha yule mzee akacheka hadi akasahau goti lake.

Kazi alipata. Atafanya mafunzo Nairobi kwanza, halafu atatumwa ubalozini. Na huku Dundori pia mambo yamebadilika. Mzee Muiruri alileta kokoto na simiti, akatengeneza njia ngumu kutoka mlangoni hadi barabarani. Kanisani tumeweka mteremko kando ya ngazi. Tulikuwa tumengoja nini miaka hiyo yote? Tulikuwa na mgongo wa Maina, ndiyo maana.

Asubuhi ya kuondoka mvua ilikuwa inanyesha. Wangeci aliendesha kiti chake mwenyewe hadi kwenye pikapu, magurudumu safi kabisa. Baba yake alimfuata na mwavuli.

"Unaona, baba?" Wangeci akasema. "Kitanda kimesogea."

"Kilikuwa kizito," mzee akajibu, na machozi yakamtoka bila haya.

Maina alikuwa amesimama kando, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Wangeci akamwonyesha sanduku lake kubwa lililobaki mlangoni, limejaa vitabu.

"Maina, hilo nibebee."

Maina akacheka, akalitupa mgongoni, akaja nalo akiimba.