Mama Pindo Azungumza na Taa

Kila jioni, giza lilipoanza kuingia, Mama Pindo aliwasha taa kwa kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Havikuweza tena kubonyeza swichi. Kwa hiyo aliusogelea ukuta, akainua kiwiko, akabonyeza. Kisha alirudi kitini kunywa chai yake.

Jioni moja alitaka kuokoa safari. Alishika kikombe huku akitafuta swichi kwa kiwiko. Kikombe kikaponyoka. Mama Pindo akaruka kukwepa chai ya moto, akateleza, akaanguka puu!

Hakuna kilichovunjika ila kikombe. Lakini binti yake, muuguzi, ndiyo kwanza alikuwa anafungua mlango.

"Mama! Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nimekaa tu."

"Mtu hakai kwenye dimbwi la chai!" Binti alimwinua, akamkagua miguu na nyonga. "Kile kifaa cha kuamrisha kwa sauti nilichokuletea ni cha nini? Si ungesema tu, taa ikawaka?"

"Nimesema mpaka nimechoka. Hakinijibu. Labda hakinipendi."

Binti hakucheka. "Basi, mama. Jumamosi naleta maboksi. Unahamia kwangu."

Mama Pindo alitazama chumba chake. Pale palikuwa na meza aliyokatia vitambaa maisha yake yote ya ushonaji. Jina la Mama Pindo alilipatia hapo, kwa kuwa pindo lake halikuwahi kufumuka.

"Kwako kuna ngazi nyingi," alisema.

"Nitakushika mkono."

"Majirani siwajui."

"Utawajua."

Neno lenyewe la kukataa lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi alimwita fundi umeme aliyeishi ghorofa ya juu. Alikuwa mwanamke mcheshi. Gauni lake la harusi lilishonwa na Mama Pindo.

"Kiko wapi hicho kifaa kinachokununia?" fundi aliuliza.

"Pale kwenye rafu, kando ya feni. Chini ya kitambaa."

Fundi aliinua kitambaa kizito kilichodariziwa maua. "Mama, mbona umekifunika gubigubi?"

"Vumbi, mwanangu! Hata cherehani yangu naifunika."

"Cherehani haisikilizi mtu. Unaona hivi vitundu? Ndiyo masikio yake. Umekivika blanketi kichwani, halafu feni inakipigia kelele. Kitasikia nini, maskini?"

Walicheka wote wawili. Fundi alikihamishia kwenye meza ndogo karibu na kiti cha Mama Pindo, mbali na feni.

"Haya, kiambie kiwashe taa. Kinaitwa Tausi."

Mama Pindo alijiweka sawa. Alikohoa kidogo. "Tausi, hujambo mwanangu? Umeshindaje? Samahani kwa usumbufu. Kama hujachoka, nilikuwa naomba, ukipata nafasi..."

Kitaa kidogo cha bluu kilichokuwa kimewaka juu ya kifaa kilizimika.

"Kimelala!" Mama Pindo alishangaa. "Hata sijafika kwenye shida yangu!"

Fundi alijifuta machozi ya kicheko. "Mama, unakibembeleza kama mkwe! Kikisikia jina lake, kinasubiri kidogo tu. Kisiposikia kazi, kinaacha kusikiliza. Wewe anza na jina, kisha kitu, kisha unachotaka."

"Bila hata kukijulia hali? Mimi hata mwanafunzi wangu wa kushona sikuwahi kumtuma hivyo."

"Heshima zako ziweke mwishoni. Ukishapata taa, kishukuru mpaka kesho. Nami nitakiongezea muda wa kusubiri, kiwe na subira zaidi. Na taa hii wewe unaiitaje?"

"Taa ya kushonea. Ile nyingine ni taa ya mlangoni."

Fundi alichukua simu ya Mama Pindo iliyounganishwa na kifaa.

"Binti yako ameziandika taa namba moja na namba mbili sebuleni. Nani atakumbuka hayo?" Fundi alibadilisha majina kwenye simu. "Vitu vyako viite kama ulivyozoea. Haya, jaribu."

Mama Pindo alivuta pumzi. "Tausi, washa taa ya kushonea."

Chumba kikang'aa pwaa!

"Eee!" Alijishika kifua. "Ahsante, mwanangu! Mungu akukuze!"

"Sasa, ukienda kulala unazima nini?"

"Taa zote, feni na redio."

"Chagua maneno mawili tu. Ukiyasema, vyote vinazimika kwa pamoja."

Mama Pindo hakufikiri sana. "Nafunga duka."

Fundi aliviunganisha feni na redio, akayaweka maneno hayo. Kisha akawa makini. "Lakini pasi na jiko sitaviunganisha. Kitu chenye moto usikiwashe ukiwa hukioni. Swichi za ukutani pia zibaki kama zilivyo, umeme una siku zake. Na ukiwa na mazungumzo ya siri, kibonyeze hapa. Kitaziba masikio."

"Hata kwa kiwiko?"

"Hata kwa pua!"

Tangu siku hiyo Mama Pindo hakutembea tena gizani. Taa ya mlangoni aliiwasha akiwa kitini. Usiku, kabla ya kushusha miguu kitandani, aliita mwanga kwanza. Chai aliinywa ingali moto.

Jumamosi binti alifika na maboksi. Mama Pindo alimkalisha, akamwonyesha kila kitu. Aliwasha feni, akaizima. Akafungua redio. Akafunga duka, kisha akawasha taa tena. Binti alitazama mdomo wazi, kisha akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu.

"Hongera, mama yangu. Kweli umeweza." Lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshika boksi. "Tuanze na vyombo au nguo?"

"Unajua, mwanangu," Mama Pindo alianza, "ngazi za kwako... na hali ya hewa ya kule... halafu wewe mwenyewe una kazi za zamu..."

"Mama, hayo tulishayaongea."

Mama Pindo alilichukua boksi mkononi mwa binti yake, akaliweka chini taratibu.

"Sitaki kuhama," alisema. "Nataka kukaa hapa nyumbani kwangu. Na nataka uwe unakuja kwa sababu umenikumbuka, si kwa sababu umeogopa."