Makande ya Kumlaza Bibi

Nakundwa anakaa mlimani, Upare. Nyumba yao ina mlango wa bluu, na jiko la kuni liko nyuma.

Mvua zikinyesha, Mama hupika majani ya maboga. Mahindi yakikomaa, wanachoma mahindi, na mdomo wa Nakundwa unakuwa mweusi tii!

Baridi ikija, ile baridi ya kufunga sweta mpaka shingoni, Mama hupika makande. Mahindi na maharage, chungu kimoja.

*Tokota, chungu, tokota.*
*Iveni, mahindi. Iveni, maharage.*

Siku moja ya baridi, Bibi alikuwa anakuja kula. Bibi ni mama yake Baba. Alikuwa hajawahi kuonja makande ya Mama.

Mama alikuwa na wasiwasi. Akiwa na wasiwasi, Mama husema haraka haraka. "Nakundwa lete kuni, hapana, nawa mikono kwanza, chumvi iko wapi, ee jamani, na viatu hujavaa!"

Nakundwa alitaka kitu kimoja tu. Alitaka Bibi alale kwao.

Kila Bibi akija, anakula, anakunywa chai, anaaga. "Nitalala siku nyingine, mjukuu wangu. Ukungu ukishuka, sitaiona njia. Na kuku wangu watanitafuta."

Nakundwa akachungulia chunguni. Mahindi mengi. Maharage machache.

"Bibi akishiba sana, tumbo litakuwa zito," akawaza. "Tumbo likiwa zito, hataweza kupanda mlima kurudi kwake. Atalala!"

Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Nakundwa akachukua kopo la maharage lililokuwa pembeni. Akamimina yote. Kara-kara-kara-puu!

Nakundwa hakujua. Maharage aliyoweka Mama yalikuwa ya mwaka huu. Hayo huiva upesi.

Maharage ya kopo yalikuwa ya mwaka jana. Yamekauka. Magumu kama kokoto!

*Tokota, chungu, tokota.*
*Iveni, mahindi. Iveni, maharage.*

Mama akaonja harage moja. Laini! "Yameiva," akasema.

Akaonja la pili. Kach! "Hayajaiva."

Akaonja la tatu. Laini! Akaonja la nne. Kach!

Mama akaliona kopo. Tupu. "Nakundwa! Umetia ya mwaka jana?"

"Nilitaka Bibi ashibe, Mama."

"Sasa mimi nifanyeje, Bibi yuko njiani, atakuta chakula hakijaiva, atasema huyu mkwe gani, hata makande hajui, ee Mungu wangu!"

Nakundwa akawaza. Chakula kisipoiva, Bibi atakunywa chai tu. Ataondoka mapema. Hatalala.

Elineema, rafiki yake wa nyumba ya pili, akachungulia uani. "Makande tayari?"

"Bado," akasema Nakundwa.

"Bado? Ya kwenu yanaiva Krismasi?"

"Nenda zako, Elineema!"

Elineema hakwenda. Alikaa kwenye gogo. Alikuwa na njaa.

"Hodi hodi!"

Bibi! Alikuwa na kitenge kichwani na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Pua yangu imeniongoza mpaka hapa."

Mama akachukua sahani. Akapakua tu. Kijiko kikalia kwenye sahani, kling-kling-kling.

Bibi akainua kijiko. Karibu na mdomo. Karibu kabisa.

"Bibi, usile!" Nakundwa akapiga kelele. "Yatakuvunja meno!"

Bibi akashusha kijiko.

"Meno gani?" Bibi akauliza. "Nimebaki nayo mawili, na hayo mawili hayasemezani!"

Elineema akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye gogo.

Bibi akachukua harage, akalibonyeza kwa vidole. Laini. Akachukua jingine. Gumu. "Ahaa! Ya mwaka huu na ya mwaka jana, chungu kimoja."

"Ni mimi, Bibi," akasema Nakundwa.

"Nisamehe, Mama," Mama akamwambia Bibi, "ningeangalia, lakini nilikwenda kuchota maji, na kuni zilikuwa mbichi, na..."

"Pumua, mwanangu," akasema Bibi. "Makande yangu ya kwanza ukweni yaliungua. Tulimpa mbwa. Mbwa akatuangalia, akaenda kwa jirani!"

Mama akacheka. Tangu asubuhi alikuwa hajacheka.

Bibi akarudisha makande chunguni. Akavuta kigoda, akakaa jikoni. "Ya mwaka huu yatapondeka, yatafanya rojo zito. Ya mwaka jana tutayasubiri."

"Utachelewa, Mama," akasema Mama.

"Niondoke na njaa? Leta kuni."

Mama akaongeza maji ya moto. Bibi akasukuma kuni. Nakundwa na Elineema wakaimba.

*Tokota, chungu, tokota.*
*Iveni, mahindi. Iveni, maharage.*

Wakasubiri. Wakaota moto. Wakasubiri tena.

Bibi akabonyeza harage. Laini. Akabonyeza jingine. Laini. Na jingine. Laini!

"Sasa!" akasema Bibi. Akamimina maziwa ya kibuyu. Mama akatia chumvi.

Wakala. Rojo lilikuwa zito, tamu. Bibi akala sahani moja. Akaomba nyingine. Elineema akalamba kijiko mbele na nyuma.

"Mkwe wangu," akasema Bibi, "haya ndiyo makande."

Kisha Bibi akasimama. Akajifunga kitenge. Akafungua mlango wa bluu.

Nje kulikuwa kweupe. Ukungu! Njia haikuonekana. Hata banda la mbuzi halikuonekana. Walisikia tu, "Meee!"

Nakundwa akashika pindo la kitenge. "Na kuku wako, Bibi?" akauliza polepole.

Bibi akaangalia ukungu. Akamwangalia Nakundwa. Akafunga mlango.

"Baba yako mdogo atawafungia," akasema. "Kitanda chako kina nafasi?"

"Kina!" Nakundwa akaruka. "Kina, Bibi, kina!"

Wakajifunika blanketi moja. Miguu ya Bibi ilikuwa ya baridi. Nakundwa akaibana katikati ya miguu yake.

"Bibi, umeshiba?"

"Nimeshiba mpaka siwezi kugeuka."

"Hata kupanda mlima huwezi?"

Nakundwa akageuka kumtazama Bibi. Alikuwa ameshalala.

Khoroo... fyuu. Khoroo... fyuu.