Kofia Iliyomfundisha Gofu Mzee Kaaya Usingizini

Mzee Elirehema Kaaya alikuwa amelala chali barazani saa nane mchana, anakoroma, na papo hapo anapiga gofu. Kichwani alivaa njozifunzi, kofia nyepesi kama ukungu iliyoufundisha mwili wakati mwenyewe kasinzia. Wenzake walihitaji miezi kupiga mipira elfu tano; yeye aliimaliza kati ya ugali wa mchana na chai ya jioni, wala hakutoka jasho.

Ndivyo ilivyokuwa Arusha ya zama hizo, mawingu yalipokuwa yakifugwa. Mzee Kaaya alikuwa mchunga mawingu mstaafu. Asemavyo mwenyewe, aliwahi kulirudisha wingu lililotorokea Moshi kwa kulipigia mluzi tu.

Ila gofu ilimshinda. Miaka kumi na tisa mfululizo, jirani yake Pallangyo alimgaragaza kwenye fainali ya wastaafu.

"Mwaka huu kombe linalala kwangu," alimwambia Injinia Namnyaki, aliyeiunda kofia.

"Iambie unachotaka, mzee wangu. Lakini iambie vizuri, hii haijui utani."

Mzee akaikaripia kama alivyozoea kukaripia mawingu: "Ondoa kila kinachonichelewesha!"

Ndotoni uwanja ulikuwa kijani kisicho na mwisho, mlima Meru ukielea kwa mbali, mpira ukipaa taratibu kama tiara. Na mkewe Nakiete, aliyefariki miaka sita nyuma, alimbebea mfuko wa fimbo kama zamani. Kila mara mzee alipoinua fimbo, Nakiete aliutetea mpira kwa neno lile lile: "Haya baba, usiuonee." Mzee akacheka, fimbo ikasita kidogo hewani, ndipo akapiga.

Siku ya tatu Nakiete alisimama mbali. Ya tano, midomo yake ilicheza bila sauti. Ya saba, mfuko ulisimama peke yake kwenye majani, na mpira ukaingia shimoni moja kwa moja.

Mzee akazinduka. Nakiete alikuwa akisemaje vile? Alijikuna kichwa, akatafuta, hakupata. Akatoka mbio hadi kwa Namnyaki.

"Shikamoo, mzee. Mbona peku?"

"Marahaba. Mke wangu yuko wapi?"

Namnyaki akaikagua kofia. "Mkono wako ulikuwa unasita, mzee. Nukta moja tu. Kofia imetafuta chanzo, ikakuta sauti ya mkeo, ikaanza kuifuta. Bado usingizi mmoja, iishe kabisa. Ila ukiumaliza, kesho kwenye fainali Pallangyo hakuwezi."

"Na nikikatiza?"

"Sauti itarudi polepole. Na kusita kutarudi pamoja nayo."

Mzee aliiacha kofia mezani, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake walifika shimo la mwisho wakiwa sare, na Pallangyo akatangulia kuutumbukiza mpira wake shimoni. Mzee Kaaya akainua fimbo. Kimya. Wingu la kufugwa likapita juu yao, likaburuza kivuli chake uwanjani.

"Piga basi, jirani! Au unangoja mvua?" Pallangyo akamchokoza.

Mzee hakupiga. Alingoja. Ndipo kutoka mbali, kama mtu aitaye ng'ambo ya bonde, ikaja: *Haya baba, usiuonee.*

Akacheka. Fimbo ikasita. Mpira ukaenda kuoga bwawani.

"Ishirini!" Pallangyo alirukaruka kama ndama. "Miaka ishirini, jirani!"

"Niwekee mpira mwingine hapo."

"Wa nini? Mchezo umekwisha."

"Najua," alisema Mzee Kaaya. Akainua fimbo tena, akangoja.